Shuku Unga Kabla ya Kumshuku Mtu

Mtu akikuwekea chakula mbele yako, kisha akaenda zake kabla hujaona mkono wake ukiingia kwenye sahani, usile. Sijali kama ni shemeji yako, sijali kama ni katekista. Mwambie, "Kaa, tuanze wote." Akikaa akala, kula. Akisema yeye ameshashiba, na wewe umeshashiba.

Nimeanza na hilo, ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye jiko letu la Kasongo, kwa sababu najua wengine watawaanzishia na kunawa mikono na kufunga kitambaa kichwani. Hayo ni mazuri, fanyeni. Mimi nimeacha kazi, magoti yananiuma, mwiko nimewaachia wengine, lakini mdomo bado ninao. Wenzenu waliowatangulia waliniita Mama Mashaka nyuma ya mgongo wangu wakidhani sisikii. Nilisikia. Jina langu ni Zaina. Shuleni niliishia darasa la pili, basi. Kusoma nasoma polepole, kuandika naandika kama mnavyoona. Lakini nyumba ninayolala ni ya matofali ya kuchoma, mabati juu, imetoka kwenye sufuria zangu, na hakuna mwanamume aliyeleta hata msumari mmoja. Kwa hiyo nikisema jambo la jiko, sikilizeni kwanza, mtabisha baadaye.

Kwetu, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, anayegawa ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu. Chai anamimina kidogo, anakunywa yeye. Sombe ya majani ya muhogo anachota, anaweka mdomoni, anameza. Si matusi. Ni salamu. Uzito wake niliujua Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, nilipokuwa bado msichana mwenye nguvu na sufuria ya kuazima. Wachimbaji walikuwa watu wa kila upande, hakuna anayemjua mwenzake, kila mmoja anaota kwamba mwenzake anamwinda. Walikuja kwenye kibanda changu wakasimama.

"Mama, kula kwanza."

"Nimeshakula asubuhi."

"Asubuhi haiko kwenye hii sahani. Kula."

Nikala. Likaja kundi lingine. "Mama, kula kwanza." Nikala tena. Jioni nilikuwa nimeonja sahani za machimbo mazima. Ndugu zangu waliponiona baada ya miezi wakasema dhahabu imenikubali. Dhahabu gani? Nilinenepa kwa kushukiwa. Lakini hapo hapo nilipata elimu yangu: ukijua kwamba utakula mbele ya watu kila ulichopika, huwezi kupika hovyo. Samaki aliyeanza kulainika humwingizi, kwa sababu tumbo la kwanza ni lako.

Kabla ya Salamabila niliosha vyombo kwenye jiko la mapadri hapa Kasongo, chini ya mzee mmoja mpishi aliyeitwa Feruzi. Mzee Feruzi hakuwahi kunisifu, mpaka anazikwa. Alinifunga macho kwa kitambaa cha sahani, akaniwekea kitu chini ya pua.

"Unasikia nini?"

"Kuku, mzee."

"Kuku wa lini?"

Nikanusa tena. Akanipiga kijiko begani, si kwa nguvu, akasema, "Kila mutu anajua kuku. Mimi nakuuliza wa lini." Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza mawese. Mwanamke anakuja na kidumu, mafuta mekundu yanapendeza, anaapa kwa watoto wake wote. Usibishane naye. Weka kijiko kimoja kwenye sufuria yenye moto, nyamaza, sikiliza. Mafuta safi yanatulia, yanaanza kunukia. Mafuta yaliyotiwa maji yanapigapiga na kuruka kama mtu aliyeshikwa na uongo. Mwanamke mwenyewe atachukua kidumu chake bila kuambiwa.

Basi, niliporudi Kasongo nikiwa mtu mzima, wamama wa parokia wakaniomba nifundishe vijana kupika kwenye ukumbi wa nyuma. Wasichana na wavulana pamoja. Nilishuku. Nilidhani wanataka kunipa kazi ya bure na jina zuri. Nilikuwa sahihi kuhusu kazi ya bure. Nilikubali kwa sababu niliona vijana wa siku hizi wanavyokula: asubuhi biskuti, mchana beignet, maandazi yale ya mafuta meusi, jioni ugali mkubwa kama jiwe la mafiga na mchuzi wa kuulamba tu. Vijana warefu, lakini ukiwapa mchi wa kutwanga sombe wanapumua kama wazee.

Wavulana walikuja kucheka. Mmoja, Amisi, aliketi nyuma amevuka miguu.

"Mama, mimi kupika sihitaji. Nitaoa mupishi."

"Na akiugua?"

"Nitaoa wa pili."

"Na wote wawili wakikuchoka?"

Wasichana wakapiga kelele, "Atakula sabuni!" Akacheka na yeye, akaja mbele.

Amisi huyo alikuwa na ugonjwa ambao ninyi nyote mnao. Alitia kubu za mchuzi, vile vidonge vya dukani, kwenye kila kitu. Maharagi kubu, mchicha wa lengalenga kubu, hata uji nadhani angetia kama ningegeuka. Nikazikusanya, nikazifungia kabatini. Alikaa mbele ya sufuria ya maharagi kama mtu aliyenyang'anywa mguu.

"Sasa itakuwa tamu na nini, mama?"

"Ionje."

"Nimeonja. Iko kimya."

"Basi iulize inataka nini."

Alizunguka jiko, akanusa kitunguu, akakirudisha, akachukua tena. Akakaanga kitunguu na nyanya kwenye mawese kidogo, akasaga karanga akatia, akaonja, akatia chumvi, akaonja tena. Alionja mpaka nikamwambia wengine pia watakula. Lakini siku ile ndiyo siku aliyoanza kupika. Kubu ni ya mtu anayeogopa sufuria yake. Anatupa kubu ndani, anafunika, anaomba Mungu. Ujasiri wa jikoni hauna uchawi: onja, shuku, rekebisha, onja tena, mpaka shaka imekwisha. Anayeamini tangu mwanzo ndiye anayetetemeka wakati wa kugawa.

Sasa nifike kwa Mwayuma, maana ndiye niliyekaa kuandika kwa ajili yake.

Mwayuma alitoka Lusangi, njia ya Kabambare. Alikaa kwa shangazi yake hapa Kasongo. Msichana mwembamba, anaongea kama anaomba ruhusa ya kila neno. Anafunika sufuria yake hata wakati ambapo nimesema isifunikwe. Anawahi kuliko wote, anaondoka mwisho. Mtu anayewahi namna hiyo mimi simwiti mwenye bidii, namwangalia mikono. Nikaona. Kila tulipofanya somo la muhogo, kipande kimoja cha makopa, yaani ule muhogo uliokaushwa kabla ya kusagwa, kilikuwa kinapotea kwenye ungo. Na pindo la kitenge chake lilikuwa na fundo.

Siku moja nikamngoja mlangoni.

"Fungua hilo fundo."

"Ni kitu kidogo tu, mama."

"Wezi wote wanaanza na kitu kidogo tu. Fungua."

Akafungua. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya muhogo mkavu. Kimoja nilikijua, ni cha kwangu. Cha pili hakikuwa cha kwangu. Kilikuwa cheupe chenye mng'ao, kigumu, kimebaki na uzi wake katikati. Nilikipiga kwenye ukuta, kikalia kama ubao.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Nyumbani kwetu." Akaanza kulia. "Mama, muhogo unaweza kumulewesha mutoto?"

Nikamwambia akae chini. Akaniambia yote. Kiangazi kilichokuwa kinaisha, watoto wa nyumbani kwao Lusangi walikula ugali jioni, kabla ya kulala wakaanza kutapika, kichwa kinawauma, wanayumba. Mdogo wake, Juma, alianguka mlangoni. Walipona, Mungu alisaidia. Lakini ugali ule ulipikwa na koko wake, mama mzaa baba, mwanamke mzee asiye na meno. Na yeye peke yake hakutapika. Basi mama yake Mwayuma akasema neno lile ambalo kwetu likitoka mdomoni halirudi: sumu. Baba yake alikuwa Salamabila kwenye machimbo, hayuko wa kusema chochote. Tangu siku ile koko anapika peke yake kwenye mafiga yake nyuma ya nyumba, hakuna anayekula kutoka mkononi mwake, watoto wamekatazwa hata kumsalimia. Baba mdogo, ndugu wa baba yake, ameita kikao cha familia. Wakikubaliana ni sumu, watampakia mzee kwenye moto, yaani pikipiki, wampeleke upande wa pili wa Kabambare, kwa kaka yake.

"Kaka yake anaishi?"

"Alikufa, mama. Wote wanajua alikufa."

Ninyi vijana, hapa nawaonya jambo la kazi, kisha tutaendelea. Muhogo wetu mwingi ni mchungu, na uchungu ule una kitu kibaya ndani. Tunauloweka kwenye maji utoke. Watu wanahesabu siku: tatu, basi, toa. Mbaya hiyo! Siku tatu za mvua, maji yana joto, muhogo unaiva. Siku tatu za kiangazi, maji ya mto yana baridi, muhogo unalala tu humo kama mgeni. Usihesabu. Bonyeza. Kidole kikiingia bila kusukuma, na uzi wa katikati ukitoka wenyewe ukiuvuta, umeiva. Kidole kikikwama, rudisha kwenye maji, hata kama majirani wote wameshaanika wao. Ukishakauka, uvunje: mzuri unavunjika na kuacha vumbi kwenye vidole, mbaya unakataa. Na kama unga umeshasagwa na unaushuku, uchanganye na maji mpaka ulowane, utandaze mwembamba juu ya mkeka kivulini, uuache tangu asubuhi mpaka jua lianze kushuka, uupike siku ile ile. Usimpe mtoto ugali mtupu na mchuzi wa kulamba. Mpe maharagi, mpe ndakala, wale dagaa wetu, mpe karanga, mwili wake upate nguvu ya kupigana. Na mtoto akiyumba baada ya kula, usikae kutafuta mchawi, mbebe umpeleke kituo cha afya.

Hayo yote nilimwambia Mwayuma. Akauliza, "Kwa hiyo koko hana kosa?"

"Sijui," nikasema. Kweli sikujua. Nilimshuku hata yeye. Msichana anampenda koko wake, anaweza kuokota kipande kibaya popote na kukileta. Naandika hivyo bila haya. "Nani alilowesha muhogo ule?"

Akainama. "Mama."

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa anafunga vipande kwenye kitenge badala ya kusema. Akimwokoa koko, anamwangusha mama yake. Na ni yule mama anayempa ruhusa ya kukaa Kasongo kujifunza.

Nikapanda naye moto kwenda Lusangi. Sitawaeleza barabara ile. Wanaoijua wanaijua, wasioijua wamshukuru Mungu. Dereva aliniambia nimshike kiunoni, nikamwambia mimi namshika Mwayuma, na Mwayuma amshike nani anataka. Tulifika tukiwa na rangi ya udongo.

Kikao kilikuwa kimeshaanza. Baba mdogo, Salumu, ameketi kwenye kiti cha mbao, wazee wengine pembeni, wamama kwenye mikeka. Mama yake Mwayuma ni mwanamke mrefu, uso mkavu, mikono ya kazi. Mlangoni palikuwa na magunia ya makopa yanayongoja wafanyabiashara wa moto wa Salamabila. Koko alikuwa nyuma, tunamwona pembeni mwa ukuta, kwenye mafiga yake, peke yake, amewageuzia mgongo watu wote kama hakuna kinachomhusu. Alikuwa anakoroga uji wa mchele.

Nikaletewa chai. Nikaiweka chini. Mama yake Mwayuma akanitazama, mimi nikamtazama. Akacheka kidogo, akachukua kikombe changu, akanywa, akanirudishia.

"Mama mwalimu anaogopa kwetu?"

"Mama mwalimu anaogopa kila mahali, si kwenu tu."

"Na unafundisha nini watoto? Kupika? Mutoto wangu hajui kupika kwao?"

"Anajua. Amekuja kuwaonyesha."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa na maneno mengi, makali, ya kuwapasua. Nikaanza kusimama. Mwayuma akanivuta kitenge.

"Mama, acha. Hii ni nyumba yetu."

Yule msichana wa kuomba ruhusa ya kila neno! Nikakaa. Nilishuku kwamba atashindwa, lakini nikakaa.

Akapiga magoti mbele ya baba yake mdogo.

"Baba mudogo, naomba kupika chakula cha kikao."

"Tuko kwenye mambo makubwa hapa, we mutoto."

"Mambo makubwa yalianzia kwenye sufuria, baba."

Mzee mmoja akacheka. Salumu akakuna kidevu. "Pika. Lakini utapika na unga gani?"

"Kwanza muone unga."

Akaingia ndani, akarudi na kikapu cha makopa ya nyumbani, si yale ya mlangoni. Akakiweka katikati ya mkeka. Akafungua fundo lake, akatoa kipande cha kwangu, akakivunja: tik, vumbi likamwagikia mkononi. Akachukua kimoja cha kikapu, akajaribu kukivunja, hakikuvunjika. Akamwinulia Salumu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"Jaribu wewe, baba."

Salumu alikuwa na mikono ya kushika jembe. Alikivunja, lakini kwa kukunja uso.

"Sasa weka kwenye ulimi, usimeze."

Akalamba. Akatema pembeni, akatema tena, akachukua kikombe changu cha chai bila kuuliza, akasukutua.

"Uchungu!"

"Ni mbegu ile chungu," mama yake Mwayuma akasema upesi. "Kijiji kizima kinaila."

"Ndiyo, mama. Ikikaa kwenye maji mpaka iive, wote tunaila, haina shida. Hii haikuiva. Ndiyo iliwalewesha watoto."

"Na yeye?" Mama akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, jina hakulitaja. "Alipika yeye. Mbona yeye hakutapika? Sema!"

Watu wote wakageuka. Mwayuma hakupandisha sauti.

"Mama, angalia anakoroga nini."

Tukatazama. Uji wa mchele.

"Koko hana meno tangu nikiwa mutoto. Lini mulimuona anakula ugali? Yeye anapika wa watu, yeye mwenyewe anakunywa uji."

Lilikuwa jambo ambalo kila mmoja pale alilijua, na hakuna aliyelifikiri. Hivyo ndivyo ilivyo, ninyi vijana. Watu wakishapata mtu wa kushuku, macho yanaacha kufanya kazi.

Nami nilikuwa natazama magunia ya mlangoni. Naijua biashara ile, niliishi Salamabila. Mfanyabiashara akija anachukua kipande kutoka kila gunia, anakivunja. Kisipovunjika anasema, "Hii kula mwenyewe." Nikafikiri, kikapu kile cha ndani ni yale yaliyokataliwa. Mazuri yanasafiri, yaliyokataliwa yanabaki kwa watoto. Nikamtazama mama yake, naye aliona kwamba nimeona.

Salumu alikuwa ameanza kufika hapo hapo. Alikitazama kikapu, akayatazama magunia, akavuta pumzi.

"Sasa huu muhogo wa nyumbani," akasema polepole, "nani alilowe..."

"Baridi, baba mudogo," Mwayuma akamkata. Msichana alimkata mkubwa wake katikati ya neno, mbele ya wazee! "Maji ya kiangazi yalikuwa baridi. Tulihesabu siku kama za mvua. Wote tunahesabu hivyo."

Salumu alimtazama muda mrefu. Hakuwa mjinga. Akarudisha kipande kwenye kikapu.

"Baridi," akasema.

"Baridi, baba."

Mama yake alikuwa ameshika pindo la kitenge chake, analikunja na kulikunjua. Kama alijua au hakujua siku ile alipompa mzee unga ule apike, mimi mpaka leo sijui, na sikumuuliza. Nina mawazo yangu. Nitakwenda nayo kaburini.

Kisha Mwayuma akapika. Hakugusa kikapu. Alitumia mchele, maharagi tuliyotoka nayo Kasongo yaliyoloweshwa tangu jana, lengalenga aliyoichuma nyuma ya nyumba, ndakala, nyanya, karanga alizosaga mwenyewe. Mawese alimimina kijiko kwanza, akainama, akasikiliza. Wamama wakanong'onezana, "Anaongea na mafuta?" Nikajifanya sisikii, lakini nilikuwa naona mgongo wa mzee Feruzi pale. Sufuria hakuifunika. Lengalenga aliitoa ikiwa bado kijani, si ile nyeusi ya kupikwa mpaka ikate tamaa. Alionja, akatikisa kichwa, akatia kitunguu, akaonja. Hakunitazama hata mara moja kuuliza kama iko sawa. Mimi nilikuwa nahangaika kwenye mkeka kama kuku anayetaka kutaga. Alipoonja mara ya mwisho aliacha mwiko mdomoni kidogo, akafikiri, akauweka. Hakuongeza kitu. Nikasema moyoni, chumvi haitoshi, msichana, chumvi! Lakini nilikuwa mbali, na nyumba haikuwa yangu.

Akapakua sahani kubwa moja, akaileta katikati. Watoto wakasogea. Juma, yule aliyeanguka, alikuwa wa kwanza, mama yake akamvuta nyuma kwa shati. Salumu akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Onja kwanza," akamwambia Mwayuma.

Ni haki yake, ni desturi. Mwayuma akainua sahani. Nilidhani anaipeleka mdomoni. Hakuipeleka. Alizunguka nyumba nayo, mbele ya watu wote, mpaka kwenye mafiga ya nyuma, akapiga magoti.

"Koko, utuonjee."

Yule mzee alimtazama. Akatazama sahani. Sidhani kama kuna mtu aliyekuwa amemwinulia kitu tangu jioni ile ya ugali. Alifuta vidole kwenye kitenge, akachukua wali kidogo na maharagi, laini, ya kutosha fizi zake, akaweka mdomoni. Akatafuna polepole kama wanavyotafuna wasio na meno, midomo inaingia ndani. Wote tumesimama kwenye kona ya nyumba. Mbuzi alipita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

Akameza.

"Chumvi kidogo," akasema. "Mutoto amepika vizuri. Chumvi tu."

Mwayuma hakuinuka kuitafuta. Alibaki amepiga magoti, sahani mikononi, hageuki nyuma. Nilimwelewa. Chumvi iko ndani ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe.

Mama yake alisimama pale alipokuwa. Nilihesabu kwamba ataingia ndani na kufunga mlango. Mimi ndivyo ningefanya, nasema kweli. Aliingia ndani. Alikaa humo. Kisha akatoka na kopo la chumvi, akapita mbele ya shemeji yake, mbele ya wazee, mbele yangu, mpaka kwa mkwe wake. Hakusema samahani, na kwetu mama mkwe hahitaji kuisikia, anahitaji kuiona. Akafungua kopo, akamwelekezea. Mzee akatia vidole vyake vile vile vilivyosemwa vina sumu, akachota chumvi, akainyunyiza juu ya sahani ya watu wote, upande huu na upande ule, akaichanganya kidogo kwa mkono.

Ndivyo chakula kilivyorudi katikati ya mkeka. Watu walinawa mikono. Salumu akanyoosha mkono tena, akasita, akamtazama shemeji yake. Wote wakamtazama. Juma alikuwa ameshalegezwa shati, lakini hakusogea, alikuwa anangoja uso wa mama yake.

Ninyi vijana, Mwayuma ndiye anayeshika jiko letu sasa, ndiye mtakayemkuta mlangoni amefunga kitambaa chekundu. Atawafundisha kubonyeza, kusikiliza, kunusa. Akiwapakulia, mngojeni aonje kwanza. Hatakasirika. Na yeye akiwaambia muonje ninyi kwanza, msikasirike.

Mimi siku ile nilikuwa na njaa ya barabara nzima, na nilimjua mpishi, na nilimwona mzee akimeza. Hata hivyo mikono yangu niliiacha mapajani. Mama yake Mwayuma alikunja tonge, akalichovya pale pale ambapo chumvi ya mzee ilikuwa bado inaonekana nyeupe, akalitia mdomoni, akatafuna, akameza.

Ndipo na mimi nikaomba maji ya kunawa.